Funguo Kumi na Tatu za Kollpapata

Jumatatu, siku mbili kabla ya sensa ya Bolivia, Casimira Yujra alivuta kopo la funguo kutoka chini ya kitanda, akatoka kwenda kufungua nyumba za watu. Funguo zilikuwa kumi na tatu. Kila ufunguo aliachiwa na mwenye nyumba siku ya kuhama. Huyu alikwenda El Alto, yule Cochabamba, mwingine Santa Cruz kwenye joto, na wote waliaga kwa maneno yale yale: "Nitunzie, dada, narudi karibuni." Aliyeyasema wa kwanza aliyasema mwaka themanini na tatu, mwaka wa ukame. Sasa kati ya nyumba ishirini na mbili za Kollpapata, tisa tu ndizo zilizotoa moshi asubuhi, na ndani ya hizo tisa walikuwemo watu kumi na tisa, ukiwahesabu na wale wawili wasioinuka tena kitandani.

Mwaka huo zamu ya uongozi ilikuwa ya nyumba yake. Kollpapata uongozi haugombewi wala haupigiwi kura. Unazunguka nyumba hadi nyumba, na ukikufikia umekufikia, utake usitake. Hushikwa na wawili, mume na mke, na kwa kuwa Casimira alikuwa mjane wa miaka mitatu, aliandikwa pamoja na mwanawe Eusebio, fundi cherehani wa El Alto. Eusebio alikuja Jumapili moja kwa mwezi, akavaa poncho, vazi jekundu la uongozi, akakaa kando ya mama yake mkutanoni, jioni akapanda lori. Siku zilizobaki kiboko cha ngozi ya kusuka, ambacho ndicho alama ya uongozi, kilikuwa begani kwa mama peke yake.

Angeuvuka mwaka wake kwa amani kama si barua ya Agosti. Manispaa ya Ayrampuni iliandika kwamba baada ya sensa, kijiji chochote chenye watu wasiofika hamsini kitafutwa daftarini na kuunganishwa na jirani yake. Jirani wa Kollpapata ni Chiarpata. Chiarpata! Watu waliosogeza mawe ya mpaka enzi za babu, wakaapa mbele ya padri kwamba mawe yametembea yenyewe. Hata kondoo wa Kollpapata walijua kwamba Chiarpata hakuoleki.

Casimira alitembea saa tatu hadi ofisini kwa diwani, don Leoncio Huarachi, aliyekuwa na meza kubwa kuliko shughuli zake.

"Mama Casimira, mimi siwaonei," diwani alisema. "Mimi mwenyewe nimekula sana viazi vya kwenu. Ila nambari ndizo zinazoamua."

"Hamsini?"

"Hamsini."

"Na ukipata hamsini utanyamaza?"

"Nitanyamaza na soda nitakununulia."

"Soda kunywa mwenyewe. Nambari nitakuletea."

Aliona ni jambo jepesi. Katika maisha yake alikuwa amehesabiwa mara tatu, na anavyokumbuka yeye, mtu alihesabiwa pale alipolala. Siku ya sensa nchi nzima hufungwa, magari hayatembei, maduka hayafunguliwi, kila mtu anakaa ndani amsubiri karani. Basi kinachotakiwa ni watu kulala kwao usiku wa kuamkia siku hiyo. Akawapigia wote, mmoja mmoja, kwa simu ya shemeji yake, akiwa amesimama juu ya jiwe la kisima maana hapo tu ndipo mtandao ulipopatikana. Aliwabembeleza, akawatisha, wengine akawakumbusha nani aliwafuta kamasi utotoni.

Na sasa alikuwa anafungua. Kwa kina Limachi alikuta kalenda ya mwaka tisini na sita bado iko ukutani, mwezi wa Machi, kwa sababu walihama Machi. Kwa kina Ticona alikuta kiatu kimoja cha mpira wa miguu, cha kushoto, na mara moja akamkumbuka Ruperto Ticona aliyefunga magoli matatu dhidi ya Chiarpata, akabebwa juu mpaka akaangushwa. Alifagia, akafungua madirisha, akawasha samadi kavu jikoni ili nyumba zikumbuke harufu ya watu. Kila alipomaliza moja alikaa kidogo kizingitini. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kwa utamu, maana kila kizingiti kilikuwa na mtu wake.

Sensa ya mwaka sabini na sita ndiyo aliyoikumbuka zaidi. Alikuwa bibi harusi wa miezi minne. Karani alikuja juu ya punda, kijana wa mjini aliyeungua midomo kwa baridi, akahesabu kutwa nzima asimalize. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Karibu na magharibi, mke wa Mzee Hilarión akajifungua, na baba mkwe wake Casimira akamkimbilia karani njiani, akamgeuza na punda wake: "Rudi, bwana, tumeongezeka!" Mia mbili na kumi na watatu. Kicheko cha jioni ile kiliendelea kusimuliwa miaka na miaka, mpaka waliokuwa wanakisimulia wakahama.

Jumanne malori yalianza kufika. Watu wakashuka na magodoro, makopo ya mafuta, watoto waliovaa kofia za mjini. Mzee Hilarión, mwenye miaka themanini na ulimi usio na likizo, alikaa juu ya ukuta wa shule akiwapokea.

"Karibu, Ruperto! Siku hizi tumbo ndilo linatangulia, wewe unafuata?"

"Shikamoo, mzee. Kumbe bado uko hai?"

"Nilikuwa nakusubiri. Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu. Muulize mwenye kiwanda wako."

Saa kumi jioni Casimira alipanda kilima kidogo cha nyuma ya kanisa, akahesabu moshi. Ulikuwa wa nyumba ishirini na mbili. Kila bati lilikuwa na moshi wake, unapanda wima kwa sababu upepo ulikuwa umetulia, na chini yake watu walikuwa wanaitana kwa majina ambayo hakuwa ameyasikia yakiitwa kwa sauti kwa miaka mingi. Mtu fulani alitoa ngoma. Casimira alilia pale pale juu, hadharani, bila kujificha, akajifuta kwa pindo la shali. Angekufa siku ile asingedai kitu.

Ila Eusebio alikuwa hajafika. Alifika na lori la mwisho, na mkewe Roxana, na wanawe wawili, Maribel wa miaka tisa na mdogo wake anayebebwa. Alimbusu mama yake, akavaa poncho, akainamia bakuli lake. Baada ya supu ya kwinoa, Roxana ndiye aliyesema.

"Mama, mwenyekiti wa mtaa wetu alikuja mpaka mlangoni. Kasema anayeondoka kwenda kuhesabiwa kijijini ni msaliti. Nasi tumeomba bomba la maji mwaka wa nne huu. Wanasema hatufiki idadi."

"Roxana," Eusebio alisema.

"Nasema tu. Si mama ni mtu mzima?"

"Mshika mbili moja humponyoka," Casimira alisema, akimwongezea mkwewe viazi vikavu. "Lakini siku moja tu, binti yangu. Keshokutwa mtakuwa kwenu." Roxana alishukuru kwa viazi.

Karani wa safari hii alikuwa mwalimu, Noemí Arancibia, mwanamke mpole mwenye miwani na mafua. Alilala shuleni, na asubuhi ya Jumatano akaanza kazi, Casimira akimwongoza kama kiongozi wa mwaka. Kwenye mfuko wa kulia wa aproni Casimira alikuwa ametia maharage makavu. Kila mtu akiandikwa, harage moja lingehamia kushoto. Alikuwa na maharage mengi. Waliolala kijijini walikuwa themanini na mmoja, hivyo hamsini ilikuwa mchezo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Hilarión, na wanawe watatu waliotoka El Alto. Mwalimu aliuliza majina, akauliza umri, akauliza nani amelala humo. Vizuri. Kisha akafunua ukurasa.

"Na kwa kawaida unaishi wapi?"

"El Alto," alisema mtoto wa kwanza, bila hili wala lile.

"El Alto," alisema wa pili.

"El Alto," alisema wa tatu, aliyezaliwa siku ya punda.

Casimira aliona kalamu ikiandika mara tatu.

"Samahani, mwalimu. Hilo swali la nini? Si wamelala hapa?"

"Wamelala hapa, mama. Lakini wanahesabiwa kule wanakoishi. Ndivyo dodoso lilivyo."

Hakuna aliyewaambia. Labda lilitangazwa redioni, na redio ya Kollpapata ilikuwa na betri za kusikiliza mpira tu. Watu wamekodi malori, wamebeba magodoro, wamegombana na wenyeviti wao, wote kwa ajili ya kitanda, na kumbe karatasi haikujali kitanda. Casimira alihamisha maharage mawili, la Mzee Hilarión na la mkewe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Walipotoka uani alipaza sauti juu ya kuta, kana kwamba anaita kondoo: "Jamani! Mkiulizwa mnaishi wapi, mnaishi hapa! Hapa!"

Mwalimu Noemí alipenga kamasi, akajifanya anatafuta karatasi.

Nyumba ya pili watu waliishi hapa. Ya tatu wakaishi hapa. Ruperto Ticona, mwenye saa ya dhahabu na lafudhi ya Santa Cruz, aliapa kwamba anafuga kondoo, na alipoulizwa wangapi akamtazama Casimira, naye Casimira akanyoosha vidole kumi nyuma ya mwalimu. Wengine walisita. Wengine walisema kweli kwa aibu, macho chini, maana mwalimu ni mwalimu. Casimira alimkazia kila mmoja macho, kiboko begani, na kadiri nyumba zilivyopungua ndivyo alivyozidi kujisikia mchafu. Hakuwa mwongo. Wazazi wake walimlea kwa maneno matatu, usiibe, usidanganye, usiwe mvivu, na kwa siku moja tu alikuwa amelivunja lile la katikati kwa niaba ya kijiji kizima.

Saa tisa walifika nyumba ya mwisho, ya kwake. Kabla ya kuingia alihesabu maharage ya kushoto kwa vidole, ndani ya mfuko. Arobaini na tano. Ndani ya nyumba yake walikuwemo watano. Ilikuwa kamili, na hakuna lililobaki.

Uani kwake watu walikuwa wamejaa. Habari za maharage zilikuwa zimekwisha kuenea.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, akaanza na Casimira. Jina, umri, mjane, anaishi hapa. Harage. Arobaini na sita. Akamgeukia Eusebio.

"Kwa kawaida unaishi wapi?"

Eusebio alifumbua mdomo. Alimtazama mama yake, na Casimira akaliona jicho lile, jicho la mtoto wa miaka sita aliyewekewa uji asioupenda na anataka kuumaliza ili mama afurahi. Angelisema. Angelisema "hapa" kwa ajili yake, kesho akarudi kwa mwenyekiti wake akiwa hana neno. Roxana alitazama sakafu.

"Sisi tunakaa El Alto," Maribel alidakia kwa furaha, kwa kuwa shuleni walifundishwa kujibu upesi. "Mtaa wa Nueva Alborada, geti la buluu. Maji yanaletwa na gari, Jumanne na Ijumaa. Tukichelewa tunakosa."

Nje kwenye uwazi wa mlango Ruperto alikohoa kikohozi cha uongo. Mwalimu aliinua kalamu, akamngoja mkubwa wa nyumba. Ilitosha Casimira acheke tu, aseme mtoto ana utani. Kila mtu alimngoja acheke.

Yeye alimtazama Maribel. Mikono ya mtoto ilikuwa imepasuka, si kwa baridi ya huku, hii ilikuwa mipasuko ya zamani, ya kubeba ndoo. Casimira alikuwa ameutaka moshi ule wa nyumba ishirini na mbili kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mumewe Anselmo afe. Alikuwa ameupata jioni moja nzima. Na sasa aliona kwamba jina la Kollpapata na maji ya mtoto huyu vimo katika mstari mmoja wa karatasi moja, na mstari unapokea kimoja tu.

"Mtoto hajakosea," alisema. "Andika El Alto. Wote wanne."

"Mama!" Eusebio alisema.

"Mama nini? Unalala wapi, wewe? Huku unakuja kuniona."

"Casimira, umetuua!" Ruperto alipiga kelele mlangoni. "Tumedanganya kutwa nzima, halafu wewe kiongozi ndiyo unaona aibu?"

"Ninyi mmekwisha sema yenu, dhambi tutagawana. Kwa hawa siwezi." Alifunua mfuko wa kushoto, akawaonyesha maharage. "Nimeshindwa, ndugu zangu. Arobaini na sita. Mnisamehe."

Mzee Hilarión, ambaye hajawahi kukosa neno, alivua kofia akaigeuzageuza mikononi. Mwalimu Noemí aliandika mara nne, polepole, kisha akaendelea chini ya ukurasa kwa sababu maswali yalikuwa hayajaisha.

"Bwana Eusebio. Ulipozaliwa, mama yako alikuwa anaishi wapi?"

Eusebio alidhani hakusikia vizuri. "Mama yangu?"

"Ndiyo. Ulipozaliwa wewe, mama alikuwa anaishi wapi?"

"Hapa," Eusebio alisema. "Kollpapata. Chumba hiki, mwalimu, kitanda kile pale."

"Karatasi inataka manispaa tu." Aliandika Ayrampuni. Kisha alishika kalamu muda kidogo, akaongeza pembeni, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hakuna mashine itakayosoma: Kollpapata.

Casimira alisogea karibu. "Swali hilo unamuuliza kila mtu?"

"Kila mtu, mama. Bolivia nzima."

"Hata waliobaki mijini? Ambao hawakuja?"

"Hata wao. Saa hizi wanaulizwa."

Casimira alikaa kitandani. Akawawaza, mmoja mmoja, wale ambao simu zake hawakupokea, walioko El Alto na Cochabamba na kwenye joto la Santa Cruz, kila mmoja amefungiwa ndani na karani mbele yake, anaulizwa mama yako alikuwa anaishi wapi. Hawangeweza kujibu kitu kingine. Alicheka huku machozi yanamtoka. "Mwambie diwani," alisema, "kwa swali hilo, sisi ni zaidi ya mia mbili na kumi na watatu." Mwalimu aliahidi kumwambia, ingawa wote wawili walijua kwamba swali hilo halina zawadi.

Alhamisi malori yaliondoka. Mmoja mmoja walipita mlangoni kwake kurudisha ufunguo. Ruperto alikuwa wa mwisho, uso umenuna. Aliutupa kwenye kopo, akapiga hatua tatu, akarudi akamkumbatia mpaka saa yake ya dhahabu ikamwachia alama shavuni. "Kile kiatu usikitupe," alisema.

Matokeo yalipofika, Kollpapata ilifutwa daftarini. Kwenye barua za manispaa sasa wanaitwa Chiarpata, Sehemu ya Juu, na Mzee Hilarión hujibu barua hizo kwa kuwashia jiko.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla yake ilikuwa siku ya kwanza ya Januari, siku ya kukabidhi kiboko, na kama kawaida orodha ya zamu ilisomwa mbele ya kanisa. Orodha ile haijui sensa. Inahesabu nyumba, zenye moshi na zisizo na moshi, zote ishirini na mbili, na zamu haiulizi mtu analala wapi. Iliyofuata ilikuwa ya kina Limachi. Mume na mke walitoka Cochabamba safari ya kutwa nzima, wakapiga magoti, wakakipokea. Casimira alisimama na Eusebio kando yake ndani ya poncho, bega lake likiwa jepesi mno mpaka likamsumbua.

"Sasa ni miaka ishirini na moja mpaka irudi kwetu," Eusebio alisema, wakishuka kuelekea nyumbani. "Nitakuwa na hamsini na sita."

"Utakuja?"

"Nitakuja, mama. Na Roxana. Kwani zamu inakimbiwa?"

Casimira alitikisa kichwa, akafikiri mambo ya kawaida, bati la jikoni, kamba ya dirisha.

"Mimi sitakuwepo," alisema. "Ufunguo utaukuta kwa jirani."